Soda Nne, Jina Moja

Mtaani kuna soda nne. Ya kwanza tunakunywa, ya baridi, harusini na msibani. Ya pili ni bekingi soda, inayoumua keki na maandazi ya mtu asiye na muda wa kusubiri hamira. Ya tatu ni magadi soda, inayolainisha maharage na kande. Ya nne ni kostiki soda, wanayoinunua akina mama wa vikundi vya kutengeneza sabuni za miche. Hii ya nne ikimezwa inaunguza koo na umio, na ikirukia jichoni inaweza kupofusha. Zote nne tunaziita soda. Mtoto wa miaka mitano anayejifunza kwamba soda ni kitu kitamu, akikuta kopo lililoandikwa soda chini ya meza, amekosea wapi?

Sasa, kuna tawi zima la maarifa lililoanzishwa ili kumaliza fujo ya namna hii. Linaitwa utoaji wa majina ya kampaundi. Kwetu limefungiwa kwenye mada moja ya kemia ya Kidato cha Pili, mada ya fomula, bondi na majina, ambayo mwanafunzi anaikariri kwa Kiingereza, anaijibia mtihani na kuiacha kwenye karatasi ya majibu. Sisi wengine, tunaojiita watu wa lugha, tunaandika kuhusu riwaya na mashairi, tunabishana kama ni sahihi kusema hiki au kile, lakini kemia tumewaachia wenyewe. Eti si mambo yetu.

Nasema ni mambo yetu kabisa. Jina la kampaundi ni sentensi fupi, lina sarufi, na sarufi yake tumeiharibu sisi wenyewe kwa uvivu. Madai yangu ni mawili. Kwanza, Kiswahili kinaweza kuyabeba majina haya vizuri, na katika jambo moja la msingi kinaweza kuyabeba vizuri kuliko Kiingereza. Pili, hadi sasa tulichokopa ni sauti za majina tu. Mfumo wenyewe tumeuacha bandarini.

Tuanze na historia kidogo, maana kuna watu wanadhani majina haya yameshuka na mvua.

Kabla ya 1787, kemia ya Ulaya ilikuwa kama mtaa wetu wa soda nne. Kulikuwa na mafuta ya vitrioli, ambayo si mafuta bali ni asidi kali ya salfa. Kulikuwa na siagi ya antimoni, ambayo ole wako ukiipaka kwenye mkate. Kulikuwa na sukari ya risasi, na hiyo kweli ina utamu, ila ni sumu ya risasi. Majina ya jikoni yalibandikwa juu ya vitu vya kuua, kwa sababu aliyeyatoa aliangalia rangi, ulaini au ladha. Kitu kimoja kiliweza kuwa na majina matano, na jina moja likabeba vitu vitatu.

Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, wakatoa kitabu cha mbinu ya kuvipa vitu vya kemia majina. Wazo lao lilikuwa rahisi na la kimapinduzi: jina liseme kitu kimetengenezwa na nini. Ukilisikia jina, uwe umeshajua vilivyomo ndani. Miaka miwili baadaye, 1789, Lavoisier akatoa kitabu chake kikuu cha kemia, na kwenye dibaji akakiri kwamba alikaa chini akidhani anarekebisha lugha tu, akajikuta ameandika kemia upya. Alikuwa amemsoma mwanafalsafa Condillac, aliyefundisha kwamba tunafikiri kwa njia ya maneno. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema lugha na sayansi ni idara mbili zisizohusiana, mwambie kemia ya kisasa ilizaliwa kwenye meza ya marekebisho ya lugha.

Na walikuwa wanaandika kwa Kifaransa. Tulishike hilo, tutalirudia.

Lakini jina haliwezi kutolewa hivihivi. Linategemea vitu vimeshikanaje, na hapa ndipo mwanafunzi wetu anapopotezwa, kwa sababu anafundishwa kanuni mbili za majina bila kuambiwa kwa nini ni mbili.

Chukua chumvi ya mezani. Atomi ya sodiamu ina elektroni moja kwenye ganda lake la nje, ya klorini inapungukiwa moja. Elektroni inahama. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inakuwa na chaji hasi, na chaji zinazotofautiana zinavutana. Huko kuvutana ndiko bondi ya ioni. Walimu wengi wanapenda mfano wa ndoa: sodiamu mwanamume, klorini mwanamke, mahari ni elektroni. Darasa linacheka, kipindi kinakwisha, na kosa limeshaingia. Ndani ya chembe ya chumvi hakuna ndoa ya wawili. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila ya kloridi imezungukwa na 6 za sodiamu, safu juu ya safu, pande zote. Ndiyo maana punje ya chumvi, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ina pembe kama tofali. Kiswahili tayari kina kitenzi sahihi kwa jambo hili, nacho ni kuvutana. Hatukuhitaji harusi.

Sasa chukua kaboni na oksijeni. Hizi zote ni simetali, hakuna iliyo tayari kuachia elektroni moja kwa moja. Zinafanya nini? Zinashirikiana. Jozi ya elektroni inakuwa ya atomi zote mbili kwa pamoja. Gilbert Lewis alieleza wazo la jozi hii mwaka 1916, na Irving Langmuir akalipa jina la kovalenti mwaka 1919. Tena tazama lugha yetu ilivyo tayari: kushirikiana, kushikana, kufungana. Kiambishi -an- cha kutendana, tunachokifundisha kwenye somo la Kiswahili chumba cha pili, kingeweza kueleza bondi ya kovalenti chumba cha kwanza, kama tu vyumba hivyo vingekuwa vinasalimiana.

Tofauti hiyo ya bondi ndiyo inayozaa tofauti ya majina. Kwenye kampaundi za ioni, hesabu inajiendesha yenyewe kwa chaji. Kalsiamu inatoa 2 siku zote, kloridi inapokea 1, kwa hiyo lazima kloridi ziwe 2 kwa kalsiamu 1. Hakuna haja ya kutaja namba kwenye jina: kloridi ya kalsiamu, imetosha. Namba inahitajika pale tu metali inapokuwa na tabia zaidi ya moja. Chuma, kwa mfano, kinaweza kutoa 2 au 3, kwa hiyo tunasema chuma (II) au chuma (III), kwa utaratibu aliouleta Alfred Stock mwaka 1919. Si mapambo hayo. Salfeti ya chuma (II) ndiyo iliyomo kwenye vidonge vingi vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Chuma kilichofika (III) ndicho kimo kwenye kutu ya bati lako.

Kwenye kampaundi za kovalenti, hakuna chaji ya kukufanyia hesabu. Kaboni na oksijeni zinaweza kushirikiana moja kwa moja, au moja kwa mbili. Naitrojeni na oksijeni ndiyo kabisa, zina michanganyo zaidi ya mitano. Kwa hiyo jina lenyewe lazima lihesabu: monoksidi, dioksidi, trioksidi. Ndiyo sababu ya kanuni mbili. Mwanafunzi akiambiwa hivi kwa dakika 10 kwa lugha anayoota nayo, hakariri kitu. Anajua.

Basi, tumefika kwenye ugomvi wangu wenyewe.

Fungua gazeti, au kitabu cha sayansi cha Kiswahili. Utakuta sodiamu kloraidi, kaboni dayoksaidi, kalsiamu kaboneti. Watu wanaridhika: tumetafsiri. Tumetafsiri nini? Tumechukua jina la Kiingereza, tukaliongezea irabu mwishoni kama mtu anayeweka kofia, tukaliacha limesimama kwa mpangilio wa Kiingereza. Kiingereza kinatanguliza kinachofafanua na kumalizia na nomino kuu. Kiswahili kinafanya kinyume. Hakuna Mswahili anayesema chai kikombe, au Juma nyumba. Tunasema kikombe cha chai, nyumba ya Juma. Kitu kwanza, mwenyewe baadaye, na katikati tunaweka a-unganifu, hiyo -a ndogo inayofanya kazi kubwa kuliko neno lolote katika lugha yetu.

Na si suala la urembo. Sikiliza linavyosikika neno askari kanzu. Huyo ni askari, wa aina ya kanzu. Neno la kwanza linataja kitu, la pili linataja aina. Kwa sikio hilohilo, sodiamu kloridi ni sodiamu ya aina ya kloridi. Mwanafunzi anaondoka akiamini chumvi ya mezani ni sodiamu fulani iliyopozwa. Sivyo. Sodiamu yenyewe ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ukiitupa majini inawaka na kurukaruka. Chumvi unaitia kwenye mchuzi. Ni kitu kingine. Lakini useme kloridi ya sodiamu, mara moja sarufi inafanya kazi: ni kloridi, tena ni ya sodiamu. Kuna uhusiano wa vitu viwili, na hakuna kilichomezwa na mwenzake.

Wafaransa ndivyo wanavyosema hadi leo, kloridi ya sodiamu, kwa mpangilio wa lugha yao. Wahispania vilevile. Waarabu vilevile. Ina maana mfumo wa 1787 ulizaliwa kwenye lugha yenye mpangilio kama wetu! Waingereza ndio waliolazimika kuupindua ili uingie mdomoni mwao, na wakawa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa ni lugha yao. Sisi tukaja kuuchukua ukiwa umeshapinduliwa, tukauacha hivyohivyo, na tunaona tumefanya sayansi.

Turudi kwenye soda zetu, uone faida. Bekingi soda ni haidrojenikaboneti ya sodiamu. Magadi ni kaboneti ya sodiamu kwa sehemu kubwa, ikiwa na haidrojenikaboneti na maji ndani yake. Kostiki ni haidroksidi ya sodiamu. Yasome tena hayo majina matatu. Sodiamu iko mwishoni katika yote, kwa sababu sodiamu ndiyo kinachofanana, na haina kosa lolote, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi yako. Kinachotofautiana kimetangulia: haidrojenikaboneti ni mpole, kaboneti ni mkali kiasi, haidroksidi inaunguza ngozi. Neno soda linafanya kinyume chake. Limeshikilia kinachofanana na kutupa kinachotofautisha. Hata ile ya chupa ilirithi jina kutoka kwenye maji ya soda ya Ulaya, ingawa povu lake ni dioksidi ya kaboni tu.

Nikiwa hapo hapo kwenye sodiamu. Mwanafunzi anauliza kwa nini alama yake ni Na wakati jina halina n mwanzoni. Anajibiwa: kariri. Na inatokana na natriamu, jina linalotokana na natroni, magadi waliyoyatumia Wamisri wa kale kukaushia maiti za wafalme wao. Na jina hilohilo limebandikwa kwenye Ziwa Natron, mkoani Arusha, kwa sababu ya magadi yake. Humphry Davy alipoitoa metali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1807, aliitoa kwenye kostiki soda kwa kutumia umeme. Yaani jibu la swali la mtoto liko kwenye ramani ya nchi yake na kwenye sufuria ya maharage ya mama yake, na bado anaambiwa akariri.

Sasa lililo zito zaidi.

Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga madirisha, na asubuhi hakuna aliyeamka. Habari hiyo inaandikwaje? Mara nyingi utasoma wamekufa kwa hewa ya ukaa, au hewa ya mkaa, au hewa chafu. Kesho yake, ukurasa wa mazingira, utasoma kwamba miti inafyonza hewa ya ukaa, na kwamba vijiji vinalipwa kwa biashara ya hewa ukaa. Neno lilelile. Msomaji ana haki ya kuuliza: hii hewa inayoua familia ndiyo inayolisha miti? Ndiyo ninayoitoa puani?

Hapana. Ni gesi mbili. Dioksidi ya kaboni ndiyo tunayoitoa puani, ndiyo ya kwenye soda, ndiyo ya miti na masoko ya kaboni. Ile ya jiko ni monoksidi ya kaboni. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha, kila kaboni inapata oksijeni moja badala ya mbili. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usio wake. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu, analala. Na jambo ambalo kila nyumba ingepaswa kulijua: hatari haiishi moshi unapokwisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunayosema sasa yamekolea, ingiza ndani, bado yanaitoa.

Dioksidi nayo inaweza kuua, sikatai, lakini kwa njia yake. Ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni na mashimoni na kuiondoa hewa ya kawaida. Usiku wa 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la gesi hiyo na watu wapatao 1,700 wakafa. Ndugu zetu wa Goma wanaishi nayo pembeni mwa volkano zao, na wana neno kwa ajili yake: mazuku. Wanajua kwamba mazuku hukaa mahali pa chini, na kwamba mtoto na mbuzi, kwa kuwa ni wafupi, huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Na neno hilo, msomaji wangu, wanasayansi wa volkano wa dunia nzima wanalitumia kwenye maandishi yao ya Kiingereza, bila kulibadilisha. Wale wanaosema lugha zetu haziwezi kuipa sayansi neno waende wakabishane na hao.

Kwa hiyo tahadhari ni mbili tofauti. Kwa mazuku, kaa juu. Kwa jiko, kulala juu ya kitanda kirefu hakukusaidii chochote, kwa sababu monoksidi inachanganyika na hewa ya chumba kizima. Dawa ni kulitoa jiko nje. Mtu atachaguaje tahadhari iliyo sahihi ikiwa tumempa jina moja kwa gesi mbili? Hapa ndipo kiambishi cha mono- na di- kinapoacha kuwa swali la mtihani.

Na angalia faida ya mpangilio wetu tena. Kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili chetu cha kukopi, namba inakuja katikati: kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi. Sikio linashika kaboni, lililobaki linateleza. Sema monoksidi ya kaboni. Silabi ya kwanza kabisa imeshakuonya.

Najua kuna wenzangu wa upande wa pili, wapenda Kiswahili kitupu, watakaosema kama ni hivyo basi tuache hata hiyo mono na di, tutumie namba zetu. Tujaribu. Oksidi mbili za kaboni. Je, hapo nimetaja gesi gani? Nimetaja zote mbili, maana kaboni kweli ina oksidi mbili zinazojulikana sana. Neno oksidi halibadiliki katika umoja na wingi, kama lilivyo neno nyumba, kwa hiyo namba yetu inahesabu vitu, haihesabu atomi zilizo ndani ya kitu. Kiambishi cha Kigiriki kilichogandishwa kwenye neno hakina utata huo. Basi tukikope, tena kwa moyo mweupe. Kukopa kwa sababu kunahitajika ni akili.

Hata kutafsiri maana kuna mitego yake. Lavoisier aliita oksijeni kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizaa asidi, akiamini kila asidi inayo. Davy akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Wajerumani walikuwa wameshatafsiri kosa hilo neno kwa neno, Sauerstoff, kitu cha uchachu, na wanaishi nalo hadi leo. Sisi tuliochukua oksijeni kwa sauti tu tulisalimika. Wachina walipita njia nyingine: katika karne ya 19 Xu Shou, akisaidiana na John Fryer, aliunda herufi za elementi ambazo upande mmoja unaonyesha kama kitu ni metali na mwingine unaonyesha matamshi. Kila lugha ilikopa na kutunga kwa namna yake. Lakini zote zilikuwa na mpango. Hilo ndilo tunalolikosa.

Yapo mapingamizi, na nitayajibu.

La kwanza: mtihani ni wa Kiingereza, utamchanganya mtoto. Mtoto huyu amesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, akafika sekondari akabadilishiwa lugha siku moja. Ameshachanganywa, na si mimi niliyemchanganya. Anayeelewa kwa nini kovalenti inahitaji namba na ioni haihitaji, ataandika jina la Kiingereza bila taabu. Aliyekariri atasahau katika lugha zote mbili.

La pili: sayansi ni ya kimataifa, tutajitenga. Kilicho cha kimataifa ni fomula. NaCl inasomeka Tokyo, Goma na Paris. Majina kila taifa linayasema kwa lugha yake, na hakuna Mfaransa aliyetengwa na kemia kwa kusema kloridi ya sodiamu.

La tatu: hatuna istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kama kuna mtu bado anasema hatujaanza, tatizo ni kwamba hajafungua kabati. Unaweza kubishana na kamusi hiyo, na mimi nabishana na desturi nzima ya kuweka metali mbele, lakini huwezi kusema haipo.

La nne ndilo ninaloliheshimu zaidi: tunayo majina yetu ya zamani, yanatosha. Ni kweli tunayo, na ni mazuri. Mrututu ni salfeti ya shaba, mkulima anaujua kwa rangi yake ya buluu. Shabu inasafisha maji ya matope. Chokaa imejenga pwani yote. Lakini chukua hiyo chokaa. Jiwe la matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu. Likichomwa linatoa dioksidi ya kaboni na kubaki oksidi ya kalsiamu, ambayo ukiimwagia maji inachemka na inaweza kukutoa jicho. Ikishazimwa kwa maji inakuwa haidroksidi ya kalsiamu. Ikipakwa ukutani inavuta dioksidi ya kaboni hewani na kurudi polepole kuwa kaboneti, jiwe lilelile. Fundi wa zamani aliijua mizunguko hii yote kwa mikono yake. Mwanawe aliyehamia kwenye saruji haijui, na neno chokaa peke yake halimwambii. Majina ya zamani yanabeba matumizi, majina ya mfumo yanabeba yaliyomo. Nyumba yenye akili inakuwa na yote mawili.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala kamati. Nomino kuu itangulie: kloridi ya, oksidi ya, kaboneti ya. Viishio -idi, -iti na -eti visichanganywe, maana nitriti na nitreti ni vitu viwili, na masikio yetu yanaweza kabisa kutofautisha i na e. Ukipenda kusema oksaidi badala ya oksidi, sigombani na wewe, mradi uiweke mahali pake. Viambishi vya kuhesabu vibaki, vitamkwe wazi.

Na wahariri, ninyi ndio nawaomba kwa jina la Mungu: habari inayofuata ya jiko la mkaa isiandikwe hewa ya ukaa. Andikeni monoksidi ya kaboni, halafu mwongeze sentensi moja ya kusema kwamba hata mkaa usio na moshi unaitoa. Sentensi hiyo moja haizidi maneno 15. Inaingia kwenye safu yoyote.